Leta Imekimbia, Rejista Imebaki

Vijana wangu, tangu niache kazi munakuja hapa kwangu Ndosho, Goma, na madaftari yenu ya masomo ya uraia, na swali ni lile lile: "Papa Faustin, leta ni nini?" Wengine munachungulia kwanza dirishani, halafu munauliza kwa sauti ya chini: "Leta ni nani sasa?" Hilo la pili sitalijibu. Nimezeeka, lakini sijachoka kuishi.

La kwanza nitalijibu, ila musitegemee maneno ya profesa. Mimi nilikuwa karani wa etasivili, ile biro ya komini, serikali ndogo ya muji, ambako mutu anaandikwa akizaliwa, akioa, na siku ile nyingine ambayo haendi mwenyewe. Nilianza na kalamu ya wino, nikamaliza na kompyuta isiyokuwa na umeme. Katikati hapo nilitumikia wakubwa wengi sana. Nilijaribu siku moja kuwahesabu kwa vidole, nikaona afadhali nivue viatu.

Neno lenyewe lina matata. Wazungu walisema l'État, yaani dola, masikio ya babu zetu yakasikia leta, na kwa Kiswahili leta ni leta: kuja nacho, weka hapa. Mama mumoja muuza sambaza kule soko la Kituku aliniambia, "Papa, leta ni jina lake, na njo kazi yake." Nilicheka mpaka nikasahau samaki nilizonunua. Lakini taabu kubwa ya neno hili iko pengine. Sisi tunaliita kwa vitu viwili: nchi yenyewe, na watu wanaoishika leo. Wakubwa wakipanda gari na kutoroka, tunasema leta imekimbia. Wengine wakiingia na bunduki, tunasema leta imefika. Juu ya neno hilo moja nilifanya kosa kubwa kuliko yote ya kazi yangu, na mwanamuke anayeitwa Furaha alikaribia kufukuzwa katika nyumba yake pamoja na watoto watatu.

Lakini kwanza niwaambie juu ya Muzee Anselme, kwa sababu bila yeye singekuwa na la kuwaambia.

Alikuwa mukubwa wa biro yetu, mutu mufupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mumoja. Alinifundisha kazi kwa kunigonga vidole na rula. Usiache mustari mutupu, mutu mubaya atauingia. Usiandike tarehe kabla haijafika. Usimuulize jina la mutoto baba aliyetoka kusherehekea, muulize mama. Na kubwa kuliko yote: kosa halifutwi. Ukikosea unapiga mustari mumoja tu, mwembamba, ili neno la chini lisomeke, halafu unaandika pembezoni kwamba ni kosa la karani, unatia tarehe na parafu yako, ile saini fupi. "Mutu anayefuta kabisa anaficha," alisema. "Mutu anayepiga mustari anakubali."

Na kila kitu tuliandika mara mbili. Rejista ya kwanza inakaa komini, ya pili inaenda kwa majaji wa tribinali mwisho wa mwaka, ili moja ikipotea, nyingine iseme. Mimi kijana niliona hiyo ni adhabu. Kuandika ndoa moja mara mbili, na bibi arusi mwenyewe anaolewa mara moja!

Hapo mwanzoni nilikuwa na ugonjwa wa kujifanya najua. Siku moja alikuja baba Munande kuandikisha mutoto wa kiume, akasema jina ni Kambale. Nikatazama karatasi za nyumba yake, nikaona Kambale mwingine. Mimi muzaliwa wa Masisi nilikuwa nimesikia kwamba Wanande wanaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa, Kambale ni kijana wa pili, Kasereka ni wa tatu. Nikajiambia, huyu muzee amepoteza hesabu. Nikamusaidia: nikaandika Kasereka. Aliposomewa aliruka. "Juu ya nini unanibadilishia mutoto?" Nikamueleza zamu. Akanitazama kwa huruma. "Kijana, niko na wake wawili. Kila mama anaanza hesabu yake." Muzee Anselme alicheka siku nzima, halafu akanigonga na rula. "Andika unachoambiwa, si unachofikiri umesikia."

Ningelishika neno hilo, haya mengine yasingetokea.

Waasi walipochukua muji, mwaka wa tisini na nane, wakubwa wa zamani waliondoka bila kuaga. Picha ya rais iliondolewa ukutani, musumari ukabaki. Kisha akaja shefu mupya wa komini aliyewekwa na waasi. Akatundika kofia yake kwenye ule musumari, akaweka kashe mpya, ule muhuri wa biro, mezani, na kusema, "Kuanzia leo, sisi njo leta mpya. Muendelee na kazi." Basi, hotuba ikaisha.

Muzee Anselme hakuwapo. Alikuwa amelala nyumbani na malaria, siku tatu mufululizo. Nikabaki mimi na akili yangu. Nikajiuliza: kama hawa ni leta mpya, leta ya zamani imekufa. Na pale juu kabisa ya kila karatasi yetu, kwenye kichwa, kumeandikwa jina la Jamhuri. Nikachukua rula. Siku tatu, kila akti niliyoandika, ndoa, vizazi na vifo, katika rejista zote mbili na katika kopi za watu, nilipiga mustari muzuri mwembamba juu ya jina la nchi. Niliona nimefanya kazi safi. Ndoa ya Furaha na bwana yake Kasereka, Munande mwingine kabisa, ilikuwa humo. Furaha alikuwa binti wa Rutshuru, amevaa liputa, kitenge cha kuazima, anacheka kila nikimuuliza kitu. Kasereka alikuwa na jasho jingi kuliko mutu anayepanda volkano.

Siku ya nne shefu alipitia rejista. Akaniita.

"Nani alikuambia ufute jina la nchi?"

"Shefu, ulisema nyinyi ni leta mpya. Nikafuta ya zamani."

Akalipuka. "Weye ni mujinga wa namna gani? Sisi tunataka kutawala Kongo, hatutaki kuifuta! Nikifuta Kongo nitatawala nini, hii meza?"

Walitaka kunifungia. Aliyeniokoa ni Muzee Anselme, aliyeingia wakati ule ule akiwa bado na blanketi mabegani. Alisema, "Shefu, huyu ni mujinga wangu, niachie." Sijawahi kufurahi kuitwa mujinga kama siku ile.

Jioni alinikalisha. "Faustin, hesabu na mi. Kuko watu. Kuko udongo wenye mipaka. Kuko wenye kuongoza. Na kuko nchi zingine zinazokubali kwamba nawe ni nchi. Hivyo vinne pamoja njo leta. Huyu wa kofia ni kimoja tu kati ya vinne, tena kile kinachobadilika upesi. Kashe ni yake, muachie. Kichwa cha karatasi si chake."

Nikamuuliza na katiba je, iko wapi katika hivyo vinne.

"Katiba inasema nani anaruhusiwa kushika kashe, aishike muda gani, na anyang'anywe kwa njia gani. Sisi hapa tunapenda kuanza na hilo la mwisho."

Kile kitu cha nne, nchi zingine, nilikielewa miezi kadhaa baadaye. Mama mumoja alituma cheti cha mutoto wake kwenye ubalozi fulani, kikarudi na barua: kimetolewa na mamlaka isiyotambuliwa. Mama alilia pale mulangoni. "Wanasema mutoto wangu hajazaliwa!" Muzee akasoma barua mara mbili, akamuambia, "Hapana, mama. Mutoto hawamukatai. Wanamukataa mwenye kashe." Lile jibu nililiweka kichwani bila kujua nitalisikia tena.

Sasa turudi kwenye kazi ya kurekebisha. Muzee aliniamuru niandike pembezoni mwa kila akti niliyoharibu, katika rejista zote mbili: mustari huu ni kosa la karani, jina la nchi linabaki. Rejista za kwanza nilizimaliza. Nikafika kwenye zile za pili, mukono unauma, na rafiki yangu ananingoja kuangalia mupira. Nikazifunga.

"Na zile za pili?" Muzee akauliza.

"Tayari, Muzee."

Njia ya muongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na kona nyingi, lakini ilifika.

Kwa sababu ya vita, tribinali haikuchukua rejista za pili. Kabati letu lilikuwa linavujiwa na mvua, basi Muzee akazihamishia kwake nyumbani, chini ya kitanda. Muke wake alizoea kusema amelala miaka mingi juu ya ndoa za watu wengine.

Halafu mulima wa volkano ukapasuka. Munajua habari hiyo, wazazi wenu waliikimbia na nyinyi mugongoni. Moto ulishuka kwa upande wa Munigi, ukaingia muji mchana, unatembea kama mutu asiye na haraka, kwa kuwa anajua hutamuzuia. Biro yetu iliungua na rejista zote za kwanza. Nyumba ya Furaha na Kasereka iliungua pia, na karatasi yao ya ndoa ndani.

Sisi wa katikati ya muji tulikimbilia upande wa mupaka, kwenda Gisenyi, muji wa nchi jirani. Nilimukuta Muzee Anselme njiani. Muke wake alikuwa na sufuria kichwani na machozi ya hasira. "Mutazame huyu! Ameacha godoro, amebeba vitabu!" Na kweli, Muzee alikuwa amefunga rejista mbili nene kwa liputa, mugongoni, kama mama anavyobeba mutoto.

Pale kwenye kizuizi, jana yake tu ungeombwa karatasi. Siku ile waliacha watu wapite, maelfu, bila kashe ya yeyote. Askari mumoja wa ng'ambo alimugusa Muzee mugongo. "Muzee, umebeba nini?"

"Ndoa za Goma."

"Na vizazi?"

"Vizazi nilishindwa," Muzee akasema. "Vilikuwa vizito."

Yule askari hakucheka. Alimushika mukono akamuvusha kwenye matope. Munapofundishwa juu ya uhusiano wa nchi na nchi, mutafundishwa mikataba na mabalozi. Mufundishwe. Mimi nikisikia maneno hayo ninamuona yule askari. Yale wakubwa wa pande zote mbili waliyofanya miaka ile ni habari nyingine, na si ya kucheka.

Tulirudi baada ya siku chache, tukikanyaga mawe yenye joto bado. Muzee alirudi na kikohozi ambacho hakikumuacha. Miezi michache baadaye aliniita kitandani, akanipa zile rejista mbili. Akauliza, "Zote ni safi?"

"Zote ni safi, Muzee."

Mara ya pili hiyo. Ile ya kwanza ilikuwa uvivu. Hii ya pili nilisema kwa huruma, au niliita huruma. Nilipofika nyumbani nilifungua ukurasa wa Furaha. Jina la nchi limepigwa mustari, pembezoni peupe. Nilishika kalamu ya bic. Nilikuwa naweza kuandika pale pale, nitie tarehe ya zamani, nani angejua? Lakini tarehe ya uongo ni kufoji, tarehe ya kweli ingenisuta, na sauti ya rula ilikuwa bado vidoleni mwangu. Niliifunga tena.

Miaka ikapita. Nchi iliunganishwa, tukapata katiba mpya, tena safari hii wananchi walipiga kura, mimi mwenyewe nilisimama kwenye foleni ile. Biro ilijengwa upya, kofia ikaondoka, picha ikarudi ukutani. Na Kasereka, bwana ya Furaha, akafa kwa homa, kijana bado.

Kabla udongo wa kaburi haujakauka, kaka yake mukubwa, Kambale, alimuambia Furaha arudi kwao Rutshuru. Parsele, kile kiwanja chao cha nyumba, alisema, ilikuwa ya baba yao, na yeye Furaha hakuwa muke wa mutu, alikuwa mugeni tu. Sasa muelewe parsele gani. Ile ile iliyofunikwa na volkano. Furaha na bwana yake walipasua mawe yale kwa nyundo, wakajenga nyumba kwa mawe yaliyounguza nyumba ya kwanza. Huyo mwanamuke ana kovu katika kila kidole.

Alinifuata bironi na kitambaa cheusi kichwani. "Papa Faustin, karatasi yangu iliungua. Rejista yenu iliungua. Kuko njia?"

Ningeweza kusema hakuna. Jina langu lingebaki safi, na yeye angelala nje. Nikamuambia, "Rejista ya pili iko. Lakini ina kosa, na kosa ni langu." Nikamueleza yote. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alisema tu, "Kumbe ni weye," halafu akakaza kitambaa kichwani, akauliza, "Utakuja kusema hivyo mbele ya jaji?"

"Nitakuja."

Katika tribinali, avoka, wakili wa Kambale, alikuwa kijana mwenye suti nzuri na Kifaransa kirefu. Aliinua rejista juu kama mutu aliyekamata mwizi. "Mheshimiwa jaji, angalia mwenyewe! Kashe ni ya waasi ambao hakuna nchi iliyowatambua. Na hapa juu, jina la Jamhuri limefutwa! Goma wakati ule haikuwa na leta. Pasipo leta, hakuna ndoa."

Niliitwa. Nikasema: ule mustari ni wangu, hakuna aliyeniamuru, nilidhani leta mpya maana yake ni nchi mpya. Niliagizwa kuandika pembezoni, sikuandika, nikamudanganya mukubwa wangu mara mbili, na sasa amekufa. Watu wakaguna. Niliona haya, vijana, haya ya kweli, mbele ya watu niliowaandika mimi mwenyewe.

Jaji, mama mumoja mutulivu, akanitazama. "Ulimudanganya mukubwa wako mara mbili. Juu ya nini nikuamini leo?"

Nikatazama chini, na pale mezani macho yangu yakaangukia karatasi za dosie ya Kambale, na kati yake akti ya kifo ya baba yao, ambayo yeye mwenyewe aliileta kuonyesha kwamba parsele ni urithi wa ukoo. Yeye anakaa Ndosho, moto haukumufikia, karatasi zake zote zilipona. Nikaomba ruhusa, nikaiinua. Mwandiko wangu. Kashe ya waasi. Na juu, kwenye kichwa, mustari mwembamba muzuri, wa rula, juu ya jina la nchi. Muzee wao alikuwa amekufa katika zile siku tatu zangu.

Nikamupa jaji. Akasoma. Akamupa avoka. Avoka akasoma, Kifaransa kikakwisha.

Ni Furaha aliyesimama, bila kuitwa. "Mama jaji, mi sikusoma sana. Lakini kama kashe ile haikunioza, basi haikuua. Baba mukwe wangu yuko hai, parsele ni yake. Aje yeye mwenyewe anifukuze."

Weh! Watu walipiga makofi mpaka polisi akagonga mulango. Hata mujomba wa Kambale, aliyekuja upande wake, alifunika kicheko na kofia. Kambale alitazama viatu vyake.

Jaji aliamua kwa maneno machache. Alisema wanaoshika muji wanaweza kuwa waasi, na dunia inaweza kuwakataa, lakini aliyeolewa ameolewa na aliyekufa amekufa. Watu na udongo havikusimama kungoja serikali. Nyumba ni ya mujane na watoto wake. Kisha akanisukumia rejista. "Karani, andika pembezoni. Tarehe ya leo." Niliandika mbele ya wote. Mustari huu ni kosa la karani, jina la nchi linabaki. Parafu yangu iko pale, mutaiona mukienda kuangalia.

Komini ilinipa barua ya onyo. Nilistahili. Nje ya tribinali Furaha aliniambia, "Aksanti, Papa. Lakini binti yangu akiolewa, weye hutamuandika." Nilidhani ni hasira ya siku ile. Miaka mingi baadaye binti aliolewa, na mama yake akapanga naye foleni ya dirisha lingine, ndefu, chini ya mvua, wakati langu halikuwa na mutu. Alinisalimu vizuri tu.

Basi, mukiulizwa katika egzamen leta ni nini, andikeni vile vinne vya Muzee, mutapata pointi. Na kama mutakuja kufanya kazi bironi, na mutu akatundika kofia yake kwenye musumari, mukumbuke ni kofia.

Akti ya kifo ya Muzee Anselme niliiandika mimi. Alikufa mwaka ule ule wa moto, waasi wakiwa bado katika muji, biro yetu ikiwa hema. Nilitia kashe yao, kwa kuwa hakukuwa na nyingine. Kichwa cha karatasi nilikiacha kama kilivyo. Halafu nikafungua rejista ya pili nikaiandika tena yote, neno kwa neno, kabla ya kuinuka kitini.